Punda hakuumbiwa tope: kwato na ngozi msimu wa mvua

Sisi watu wa pwani tunamjua punda wa mchangani. Tunamjua akipenya vichochoro vya Lamu na shogi zilizojaa mawe, au akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji mitaa ya Mombasa ambako mifereji imekauka. Mimi mwenyewe nimekulia Langoni, kwenye nyumba ambayo punda alikuwa na mlango wake. Lakini huu ni mwaka wa sita kazi imeniweka Rongo, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Homa Bay, na huku nimemwona punda ninayemjua akiugua maradhi ambayo Lamu niliyasikia kwa nadra. Chanzo chake ni kimoja: maji yasiyokauka.

Nawaandikia kwa sababu masika ya miaka hii hayachagui. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliigeuza Tana River yote kuwa ziwa, na ndugu zetu wa Mokowe, Witu na Garsen walikaa na wanyama wao ndani ya tope wiki baada ya wiki. Watu wa Rongo wanaishi na hali hiyo kila mwaka. Hapa mvua kubwa, ambayo Wajaluo huiita chwiri, huanza Machi na kuendelea hadi Mei au Juni, kisha mvua ndogo hurudi kuanzia Septemba. Katikati hakuna kiangazi kama tunachokijua sisi cha kaskazi. Usiku kuna baridi, asubuhi kuna umande, na ukishuka kuelekea Ndhiwa udongo ni mweusi, unaonata kama gundi. Punda anavuta miwa, anabeba maji, anabeba mchanga wa ujenzi, na jioni anafungwa kwenye mti, palepale alipofungwa jana, juu ya mkojo na mavi yake.

Kwanza tuelewe mnyama mwenyewe. Punda ni mtoto wa nchi kavu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2022 katika jarida la Science ulionyesha kwamba punda alifugwa mara moja tu, na ilikuwa huku kwetu Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Asili yake ni ardhi ya mawe na majani makavu. Ndiyo maana ukwato wake si sawa na wa farasi. Wake ni mwembamba, umesimama wima zaidi, na una unyevu mwingi ndani yake, hivyo unanyumbuka. Kwenye mawe hiyo ni neema. Kwenye tope ni balaa, maana unafyonza maji kama sifongo, unalainika, na kilicholainika hupasuka na kuingia uchafu. Manyoya yake nayo hayazuii maji kama ya farasi. Farasi wa Uingereza huota koti zito majira ya baridi, mvua ikateleza juu juu. Punda hulowa hadi ngozini, na akilowa hakauki upesi. Kwa hiyo mtu akikuambia punda ni mnyama sugu, avumilia kila kitu, mjibu kwamba anavumilia jua na kiu. Mvua haimo.

Ugonjwa ninaouona zaidi hapa ni wa kuoza kwa ukwato. Mwinue punda mguu, utazame chini. Katikati kuna pembetatu laini kama raba, na kando yake mifereji miwili. Mifereji hiyo ikijaa tope na mavi siku nyingi bila hewa, bakteria wanaopenda mahali pasipo hewa hustawi. Utaona ute mweusi, na kabla hujauona utausikia, kwa sababu harufu yake haina mfano. Mwanzoni punda hachechemei kabisa. Hapo ndipo watu hudanganyika. Akianza kuchechemea, uozo umeshafika kwenye nyama hai.

Dawa yake kubwa haiuzwi. Ni kuchokoa kwato kila siku kwa chuma butu kilichopindwa ncha, ukianzia kisigino ukielekea kidole, usichimbe. Kisha zisugue kwa brashi ngumu, zikauke, upake dawa ya iodini iliyochanganywa na maji. Fundi wa kwato akate sehemu zilizooza ili hewa iingie. Wapo wanaotumia mrututu, ule wa rangi ya samawati. Unafaa, lakini uwe kidogo na usiguse nyama hai, kwani unaunguza. Na yote hayo ni kazi bure ikiwa baada ya kumsafisha unamrudisha kwenye dimbwi lilelile. Nimeona mtu akitumia chupa nzima ya dawa kwa wiki mbili, na punda bado amesimama kwenye rojo hadi kwenye vifundo.

La pili ni jipu la ndani ya ukwato, na hili lafaa tukae nalo kidogo, kwa sababu linawatoa watu machozi. Ukwato uliolainika huchomwa na kijiwe au mwiba kwa urahisi. Uchafu huingia, tundu hujifunga, usaha hukusanyika ndani ya ukuta mgumu usioweza kuvimba. Fikiria jipu chini ya ukucha wako, kisha ulazimike kulikanyaga. Jana punda alikuwa mzima, leo haweki mguu chini. Ukishika ukwato unausikia una moto, na mshipa ulio nyuma ya kifundo unapiga kwa nguvu. Watu wengi hudhani amevunjika.

Jirani yangu mmoja, mama anayelea wajukuu watatu, anaishi kwa punda mmoja anayechota maji mtoni na kuwapelekea wenye hoteli za chai sokoni. Chwiri ya mwaka uliopita punda huyo aliamka na miguu mitatu. Kijana wake alitaka kumchapa ainuke, kwamba anadeka. Nilimwambia, "Mwanangu, punda hadeki." Na ni kweli. Huyu ni mnyama anayeficha maumivu, maana porini anayeonyesha udhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Akikuonyesha, basi yamemfika kooni. Daktari wa mifugo wa kaunti alikuja jioni ile, akabonyeza ukwato pande zote kwa koleo hadi akapata mahali punda aliporuka, akatoboa tundu dogo, na usaha mweusi ukatoka. Siku tano mguu ulizamishwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi ya haluli, dakika kumi na tano asubuhi na jioni, kisha ukafungwa kwa kitambaa safi na juu yake kipande cha mfuko wa nailoni na mpira wa ndani wa baiskeli ili tope lisiingie. Siku ya kumi na mbili alirudi kazini, mzigo nusu. Siku kumi na mbili hizo wajukuu walichota maji kwa vichwa vyao, na mmoja hakwenda shule wiki nzima. Hiyo ndiyo gharama halisi ya ukwato mmoja.

Kitu kimoja daktari hakukisahau, nasi tusikisahau: sindano ya pepopunda. Kiswahili chetu kimelipa gonjwa hili jina la mnyama huyu, na wahenga hawakubahatisha. Farasi na punda hushikwa na pepopunda kwa wepesi kuliko mifugo mingine. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na mavi, na jeraha vinalolipenda ni lile jembamba lenye kina, lililojifunga, kama tundu la msumari kwenye ukwato. Baada ya siku kadhaa shingo inakakamaa, masikio yanasimama, mkia unanyooka, taya hazifunguki. Wengi hawaponi. Chanjo ipo, ya kuzuia, na ipo dawa ya kumkinga aliyekwisha kujeruhiwa. Punda akichomwa ukwatoni, uliza habari ya sindano hiyo siku hiyohiyo, usingoje uone.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ni la Rongo hasa, ingawa kaunti ya Kwale nako miwa ipo. Hii ni nchi ya sukari. Kiwanda cha Sony kiko Awendo, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na kila njia ya ndani ina kiwanda kidogo cha sukari guru kinachofuka moshi. Punda anayebeba miwa hula miwa. Anakula majani yake, analamba molasi iliyomwagika, na mwenyewe hufurahi kwamba leo chakula ni cha bure. Tumbo la punda limeumbiwa majani makavu yasiyo na utamu. Sukari nyingi, nafaka nyingi, au majani mabichi yaliyochipua ghafla baada ya mvua humletea uvimbe wa ndani ya kwato. Ndani ya ukwato kuna tabaka jembamba, kama kurasa za kitabu zilizoshikana, linalouning'iniza mfupa kwenye ukuta wa ukwato. Tabaka hilo likivimba, kurasa zinaachana, na mfupa unaanza kuzama au kupinda kuelekea chini. Huo si ugonjwa wa uchafu, kuchokoa hakuusaidii.

Utamtambua kwa kusimama kwake. Huegemea nyuma, miguu ya mbele ameitanguliza kama anayeogopa kukanyaga makaa. Anahamisha uzito mguu huu na huu. Hataki kugeuka. Kwato zote mbili za mbele zina moto, tofauti na jipu ambalo kwa kawaida hushika mguu mmoja. Hii ni dharura. Mwondoe kwenye miwa na nafaka papo hapo, mweke kwenye mchanga mzito au maranda mengi, mmwagilie kwato maji baridi sana, umwite daktari, na usimtembeze. Wale wanaomtembeza ili "damu ichangamke" wanamvunja vizuri. Akipona, kwato huota mistari kama pete za mti, na tangu hapo ni punda wa kuchungwa maisha yake yote. Mpe mabua makavu ya mahindi na nyasi kavu. Miwa ibaki mzigo.

Kwato zenyewe zapasa kukatwa kila baada ya wiki sita hadi kumi. Lamu, mchanga na mawe huzisugua kidogo, ingawa hazitoshi. Kwenye tope hazisuguliwi na chochote, zinarefuka na kujipinda kama viatu vya sultani kwenye picha za zamani, na mnyama anatembea kwa visigino. Mwenye panga asiguse. Kazi hii ni ya tupa na koleo, na ya mtu aliyefundishwa.

Tuje kwenye ngozi. Kuna ugonjwa wa magamba ya mvua ambao nashangaa haujulikani zaidi, ilhali umepewa jina la nchi jirani. Bakteria wake anaitwa Dermatophilus congolensis kwa sababu aliyemweleza mara ya kwanza, daktari wa mifugo Mbelgiji Van Saceghem, alimkuta kwa ng'ombe wa Kongo mwaka 1915. Bakteria huyu hukaa amelala kwenye ngozi na kwenye magamba makavu. Mvua ikimlowesha siku kadhaa mfululizo huamka, akaogelea, akatafuta mkwaruzo au mahali palipoumwa na kupe, akaingia. Mgongoni na kiunoni, palepale maji ya mvua yanapopita, manyoya hushikana vishungi vishungi kama brashi ndogo za rangi. Ukiking'oa kishungi kinatoka na kigamba chake, na chini yake pana ngozi ya waridi yenye unyevu. Nyuma ya vifundo vya miguu hutokea mambo yaleyale kwa sababu ya tope, ngozi inapasuka na kuvimba. Wafuga farasi wa Ulaya hupambana nayo kila majira ya baridi.

Matibabu ni kukausha, halafu kukausha tena. Mtoe mvuani. Nyoa manyoya ya mahali hapo ukiweza. Lainisha magamba kwa maji ya uvuguvugu yenye dawa ya iodini, iache dakika kumi, yatoe yale yanayoachia yenyewe, yanayong'ang'ania yaache hadi kesho. Pangusa kwa kitambaa kikavu, mpeleke juani. Magamba yachome moto, usiyaangushe bandani, na brashi ya punda huyo isimguse mwingine. Vaa glavu, maana hata binadamu anaweza kuambukizwa, ijapokuwa ni nadra. Likienea mwili mzima au punda akapata homa, hapo ni antibiotiki, na kipimo chake ni cha daktari. Vifundo vyenye tope usivioshe mara tatu kwa siku kama nadhafa ya kijakazi wa harusi. Acha tope likauke, liondoe kwa brashi. Kila ukiosha unailainisha ngozi upya.

Usichanganye magamba haya na choa, ambayo ni duara kavu zilizonyonyoka manyoya na huwaambukiza watoto kwa wepesi, wala na chawa, ambao hustawi msimu wa baridi manyoya yanaporefuka na kumfanya punda ajisugue ukutani usiku kucha. Chawa utawaona kwa macho, shingoni na kwenye singa.

Halafu kuna vidonda vya kamba. Ngozi iliyolowa huchunika mara mbili upesi kuliko kavu, na kamba ya nailoni iliyolowa na kuingia mchanga ni msumeno. Hapa Rongo wengi hufunga punda mkokotenini kwa vipande vya mpira wa gari vilivyokatwa na misumari yake. Gunia safi lililokunjwa mara nne, au blanketi kuukuu lililoshonwa juu ya mkanda wa kifuani, huondoa nusu ya vidonda hivyo, na liwe na mwenzake la kubadilisha likilowa. Kidonda kikishatokea, kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa nusu lita. Chumvi ikizidi inachoma. Na punda asifungwe mkanda juu ya kidonda. Najua shauri hili ni chungu kwa anayengoja mia tatu ya leo ili anunue unga, lakini kidonda cha wiki moja kikifanyiwa kazi huwa cha miezi mitatu, na sheria yetu ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inakataza kumfanyisha kazi mnyama asiyefaa kwa kazi hiyo.

Nitaje pia yale yanayopakwa. Oili chafu ya gari, maji ya betri, majivu ya mpira, dawa ya kuulia wadudu shambani: vyote nimeviona kwenye migongo ya punda wa huku, na Lamu pia havikukosekana. Oili inaziba unyevu ndani, bakteria wakafurahi. Maji ya betri yanaunguza nyama nzima. Hatari isiyojulikana zaidi ni dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi. Ng'ombe huiweza. Punda na farasi inaweza kuwafunga tumbo, na tumbo lililofunga huua. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo aliniuzia rafiki yangu chupa hiyo bila kuuliza ni ya mnyama gani, na tulipoirudisha alituambia punda ni ng'ombe asiye na pembe. Basi soma kibandiko. Vilevile chakula cha kuku na cha ng'ombe kilichotiwa monensini usimpe punda hata kiganja, kwani ni sumu kwake.

Na ikiwa punda anakonda, manyoya yamesimama, vidonda havifungi hata ukifanya yote haya, fikiria ugonjwa wa ndani. Bonde la Lambwe, ambako ndiko iliko mbuga ya Ruma, lina mbung'o, na nagana haimwachi punda. Pwani nako mbung'o wapo, Shimba Hills kwa mfano.

Kuna atakayeuliza, tuna haja gani ya kuhangaika hivi kwa punda? Hesabu ya watu na mifugo ya 2009 ilipata punda takriban milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2. Katikati yake, kuanzia 2016, palifunguliwa vichinjio vya punda Mogotio, Naivasha na kwingineko, ngozi zikapelekwa China kuchemshiwa dawa ya ejiao, na wizi wa punda ukaenea hadi vijijini. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, mahakama ikatengua 2021, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuusimamisha barani kote. Punda aliyekufa kwa ukwato ulioza leo harejeshwi kwa urahisi kama zamani. Yule mama jirani hana fedha za kununua mwingine.

Kwa wenzangu wa Lamu, mna bahati ambayo Rongo haina. Hifadhi ya punda iliyofunguliwa mjini 1987 na shirika la Dkt. Elisabeth Svendsen hutibu bila malipo. Mpelekeni punda kabla ya mvua, akatwe kwato na aulizwe chanjo ya pepopunda. Kumwogesha baharini ni sawa kama ngozi ni nzima, lakini msuuzeni kwa maji baridi ya kisima baadaye, na vifundo vikaushwe. Wa Mokowe, Witu na Tana, tafuteni kokoto. Mkokoteni mmoja wa kokoto chini ya bati nne, penye mwinuko, na mfereji mdogo wa kupitisha maji kando, ndio banda lote linalohitajika. Juu ya kokoto tandazeni mchanga au maranda kutoka kwa seremala. Makapi mabichi ya miwa hayafai, yanashika maji na yana sukari, na punda atayala usiku. Jirani yangu banda lake tulilijenga Jumamosi mbili, na bati moja kati ya zile nne lilikuwa limetoboka. Tuliliziba kwa lami.